Kumtafuta Aliyepotea Porini kwa Droni: Mwongozo kwa Wanaojitolea wa Mombasa

Kila mwisho wa juma makundi ya watembezi hutoka Mombasa kwenda Shimba Hills, mlima Kasigau na vilima vya Taita, wengine wakiwa na chupa moja ya maji na simu yenye chaji nusu. Anapopotea mmoja wao, wenye droni huwa miongoni mwa watu wa kwanza kujitolea, na hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, droni iliyorushwa ovyo hula saa ambazo zingemwokoa mtu, huwashtua tembo walio karibu na watafutaji wa miguu, na jioni huacha mamia ya picha ambazo hakuna aliyezitazama. Mwongozo huu ni wa kundi dogo la kujitolea lenye droni moja au mbili za kawaida, linalotaka kuifanya kazi hii kwa utaratibu. Sehemu inayohusu upekuzi wa picha ni ndefu, kwa sababu kurusha ni kazi ya saa moja, ilhali mtu hupatikana au hupitwa mezani, mbele ya skrini.

Vibali, kabla ya dharura yoyote

Kenya inafuata kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani za mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Droni husajiliwa, rubani huwa na leseni inayohitajika kwa kazi anayoifanya, chombo hakipiti futi 400 juu ya ardhi, yaani takriban mita 120, na hubaki ndani ya upeo wa macho ya anayekirusha. Kurusha usiku, kurusha mbali pasipoonekana na kurusha karibu na viwanja vya ndege kunahitaji idhini maalumu. Kwa mtu wa Mombasa sharti la viwanja vya ndege si dogo, kwa kuwa uwanja wa Moi uko Port Reitz na uwanja mdogo wa Ukunda uko upande wa Diani, huko huko tunakopita kuelekea Kwale.

Ndani ya mbuga na hifadhi, Shirika la Wanyamapori, KWS, haliruhusu droni bila kibali chake. Katika misitu ya serikali mwenyeji ni Shirika la Misitu, KFS. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ina wenyewe: wazee wa kaya, na nyuma yao Makavazi ya Kitaifa. Mzee wa kaya aombwe ruhusa kwa heshima hata pale ambapo karatasi zote zimekamilika, kwa maana zipo sehemu ambazo hata mwenyeji haingii kiholela, na mzee huyo huyo ndiye anayejua vijia ambavyo ramani haivionyeshi.

Ninashauri kundi liandike barua kwa taasisi hizi wakati hakuna aliyepotea, lieleze lina nani, lina leseni zipi na vifaa gani, na liombe namba ya ofisa wa zamu. Askari wa lango anayeamkuliwa alfajiri na watu asiowajua, wenye masanduku ya vifaa asivyovifahamu, ana haki ya kuwazuia, na mazungumzo ya kumshawishi yanaweza kula nusu ya asubuhi. Redio za mkononi nazo zina leseni yake, inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Vifaa

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa wauzaji watasema mengi. Inatosha droni yenye kamera ya pikseli milioni 20 hivi inayoweza kufuata njia iliyopangwa kwenye ramani, betri nne au zaidi, chaja ya gari, kadi za memori, kompyuta ya mkononi yenye skrini nzuri, na ramani zilizopakuliwa kabisa, kwa sababu chini ya Kasigau mtandao hauaminiki. Betri zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Joto la Pwani huziua mapema.

Kamera ya joto inasifiwa kuliko inavyostahili kwetu. Haioni kupitia majani, na ikifika saa nne asubuhi mwamba, mchanga na vichuguu huwa vimepata joto linalolingana na la mwili wa binadamu au kulizidi, hivyo skrini hujaa madoa meupe yasiyo na maana. Ikiwa mnayo, muda wake ni ule mwembamba wa mapambazuko, kuanzia mwanga unapotosha hadi kama saa moja na nusu ya asubuhi, na mahali pake ni nyanda za nyasi na kingo za msitu. Baada ya hapo rudini kwenye kamera ya kawaida.

Taarifa zinapofika

Hakuna sheria inayomlazimu mtu kungoja saa 24 kabla ya kupiga ripoti. Familia ielekezwe mara moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu ili ipate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na wakati huo huo msaada uombwe kwa 999 au 112, au kwa Msalaba Mwekundu kupitia 1199. Kundi la droni halijipeleki. Linasubiri kuitwa na anayeongoza operesheni, ambaye ndani ya hifadhi huwa ni ofisa wa KWS na nje yake polisi, na likifika linakabidhiwa eneo lake kama kundi jingine lolote. Wanaotoka kisiwani wakumbuke kuchagua mapema kati ya feri ya Likoni na barabara ya Dongo Kundu, kwa kuwa foleni ya feri haijui kuna dharura.

Wakati gari linapakiwa, mtu mmoja mwenye ulimi wa upole awasiliane na familia. Asiulize tu "alivaa nini", kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi si la siku ile. Mazungumzo yenye faida huenda hivi:

"Shikamoo, mama. Pole sana. Naomba nikuulize machache yatakayotusaidia kumwona kutoka juu."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Alipotoka nyumbani, fulana yake ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeusi. Yeye hupenda nyeusi."

"Kuna picha yoyote aliyotuma siku hiyo, mama, hata kwenye status?"

"Ipo, alituma wakiwa getini. Ngoja... Kumbe hapa ana koti la mvua amelifunga kiunoni. La machungwa."

Koti hilo la machungwa lina thamani kubwa kuliko saa nzima ya kurusha. Ulizeni pia rangi ya mkoba, ya kofia na ya soli za viatu, dawa anazotumia, kama anaogopa giza au watu, kama ameshawahi kwenda huko, na nani alitembea nyuma yake kabla hajaonekana tena. Akaunti ya simu yake, kama familia ina neno la siri, huenda ikaonyesha mahali simu iliposomeka mara ya mwisho. Taarifa za minara ya simu hupatikana kupitia polisi.

Ramani kabla ya rimoti

Wekeni kwenye ramani alama mbili: mahali alipoonekana mara ya mwisho na mtu wa kuaminika, na mahali penye ushahidi wa mwisho kwamba alipita, kama vile chupa, alama ya kiatu au mandhari ya picha aliyotuma. Alama hizi hazilingani kila mara, na nafasi iliyo kati yake ndiyo inayoonyesha mwelekeo wake.

Kisha mfikirieni mtu mwenyewe. Mtembezi mwenye afya kwa kawaida hupotelea kwenye njia panda, akaifuata njia ya ng'ombe au ya tembo akidhani ni ya watu, kisha akateremka kuelekea mkondo wa maji kwa kuwa kuteremka ni rahisi na maji huahidi kijiji. Mtoto mdogo anaweza kujikunyata kichakani na kunyamaza hata akisikia jina lake, kwa kuogopa sauti ngeni. Mzee mwenye maradhi ya kusahau huenda moja kwa moja mpaka azuiwe na kichaka, ua au korongo, na mara nyingi haitiki akiitwa. Huyu atafutwe ndani ya vichaka vilivyo karibu kabla ya kwenda mbali.

Gaweni eneo katika vipande vyenye mipaka inayoonekana kwa miguu, yaani mkondo, barabara, ukingo wa msitu au mgongo wa kilima, na kila kipande kipewe asilimia ya uwezekano kwamba yumo, pamoja na fungu dogo la "yuko nje ya ramani hii". Ni makadirio tu, lakini wazee wa kijiji, askari wa hifadhi na rafiki zake wakikadiria kila mmoja peke yake kabla ya kusikia ya mwenzake, wastani wao huwa na busara kuliko sauti ya mmoja anayezungumza kwa nguvu.

Hapa ndipo makundi mengi hukosea njia. Hupeleka droni kwenye kipande chenye asilimia kubwa kuliko vyote, bila kujiuliza kama droni itaona chochote huko. Tuseme kipande cha msitu mnene kina uwezekano wa asilimia 40, lakini kutoka juu ya majani ungemwona mtu mmoja kati ya kumi. Faida ya kurusha hapo ni asilimia 4. Kipande jirani cha nyasi na vichaka vifupi kina uwezekano wa asilimia 15 tu, lakini droni ingewaona wanane kati ya kumi. Faida yake ni asilimia 12. Droni iende kwenye nyasi, na watu wa miguu, ambao wangetumia siku nzima kuzimaliza nyasi hizo, waachiwe msitu. Shimba Hills, ambako msitu na nyanda za wazi vimepakana kama viraka, hesabu hii inabadilisha mpango mzima wa siku.

Jambo jingine la ramani: ramani za zamani za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, nazo simu na droni hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha nambari kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kuzibadilisha, unakosea kwa takriban mita 300. Porini umbali huo ni bonde jingine.

Kurusha

Kila droni iwe na watu wawili angalau: rubani, na mwangalizi ambaye macho yake hayaachi anga. Rubani anayetazama skrini na kuangalia ndege wakati mmoja hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Kunguru wetu wa mjini hukishambulia chombo kwa makundi na mwewe hukishukia kutoka juu. Mwangalizi akiona dalili, anasema "panda", na rubani anapanda bila kuuliza.

Chukueni picha, si video. Kamera ya kawaida yenye lenzi pana huona chini yake upana wa karibu mara moja na nusu ya kimo chake. Kwa kimo cha mita 60 picha moja hufunika upana wa mita 84 hivi, na ikiwa ina pikseli 5,280 kwa upana, kila pikseli ni sentimita 1.6. Mabega ya mtu, yenye upana wa sentimita 45, yatachukua pikseli 28. Ukipanda hadi mita 120 unapata eneo kubwa, lakini mabega yale yamebaki pikseli 14, na mkono uliojitokeza chini ya kichaka hautambuliki tena. Mimi huona mita 60 kuwa kimo cha kuanzia pale ambapo miti haizidi mita 20, na kushuka kuna maana tu kama kuna jambo la kuthibitisha.

Kwa kimo hicho mistari ya kupita iachane mita 60, ili picha za mstari mmoja zipandane kidogo na za mstari wa pili. Kilomita moja ya mraba itahitaji mistari 17, yaani kilomita 17 za kuruka. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde ni karibu saa moja bila kuhesabu kugeuka, na betri tatu. Picha moja kila baada ya sekunde sita itakupa takriban picha 550, na kila sehemu ya ardhi itaonekana angalau mara mbili kutoka pembe tofauti. Kasi ya shata, yaani kilango cha kamera, isiwe chini ya 1/500 ya sekunde, kwa sababu kwa mwendo huo chombo husogea sentimita moja ndani ya muda wa picha, na ukungu huo ni mdogo kuliko pikseli. Kamera ielekezwe chini kabisa kwenye msitu ili ione kati ya matawi, na iinuliwe kidogo kwenye miteremko na kuta za mwamba ili ione chini ya ukingo.

Mlimani kimo kina mtego. Droni nyingi hupima kimo kutoka mahali zilipopaa. Kasigau ina mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, na inapanda kama mita 1,000 juu ya nyika inayoizunguka. Ukipaa Rukanga chini yake kwa mpango wa mita 60, chombo kitaingia mlimani. Tumieni programu inayofuata umbo la ardhi, hakikisheni data ya miinuko imepakuliwa, na paeni kutoka sehemu ya juu inayofikika. Kimo cha kurudi nyumbani kiwekwe juu ya mti na mwamba mrefu kuliko vyote vilivyo katikati, kabla betri haijalazimisha safari hiyo. Vuria na vilele vingine vya Taita vina ukungu wa asubuhi, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja uinuke.

Upepo upimwe juu, si chini ya mwembe mliposimama. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, anzeni mstari kwa kwenda kinyume cha upepo ili chombo kirudi nao kikiwa kimechoka. Betri ikibaki asilimia 30, rudisheni. Saa za asubuhi na za alasiri kivuli kirefu humfichua mtu aliyelala kwenye nyasi, na saa za mawingu, mwanga ukiwa sawa kila mahali, picha za msitu huwa bora kuliko za jua kali.

Wanyama ni sababu ya tahadhari ya pekee. Tembo huogopa mlio wa droni, pengine kwa kuwa unafanana na wa nyuki, na tembo anayekimbia mlio haulizi kuna watu upande gani. Kabla ya kila mruko ofisa wa KWS atoe taarifa ya mahali watu wa miguu walipo na mahali kundi la tembo lilipoonekana. Shimba Hills ndipo makazi ya pekee ya palahala, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, nchini Kenya, nao pia hawastahili kufukuzwa huku na huku kwa ajili ya picha zisizohitajika.

Kila baada ya mruko, nyamazeni kwa dakika mbili, injini za magari zikiwa zimezimwa. Mtu aliyeumia huenda alisikia mlio wa chombo, akaanza kupiga kelele baada ya kimya kurudi.

Kupekua picha

Rubani hapekui picha zake mwenyewe mara ya kwanza. Amezitazama kwenye skrini ndogo akiamini kwamba hakuna kitu, na imani hiyo humfuata mezani.

Picha 550, kila moja ikitazamwa kwa dakika moja, ni zaidi ya saa tisa kwa mtu mmoja, na jicho lililochoka baada ya saa ya pili huona majani tu. Watu kumi wataimaliza kazi hiyo ndani ya saa moja. Basi wapekuzi ni wengi kuliko marubani, na hawahitaji leseni wala kwenda porini. Wanaweza kukaa Tononoka au Kisauni wakiwa na kompyuta na subira. Kila picha ipite machoni pa watu wawili wasiosemezana, na kila mpekuzi apumzike baada ya dakika 20 au 25.

Picha zifike kwao zikiwa kamili. WhatsApp, ukituma kama picha, huipunguza ukubwa na kufuta viwianishi, yaani nambari za mahali ilipopigwa, vilivyofichwa ndani yake, hivyo unapoteza pikseli zile zile ulizozirukia na pia unapoteza mahali. Tumeni kama dokumenti au kwa kiungo cha kuhifadhia mafaili. Picha 550 zinaweza kufikia gigabaiti tano, na pale mtandao usipoyamudu hayo, diski ipelekwe Voi au Kwale kwa bodaboda huku mruko wa pili ukiendelea.

Namna ya kutazama ni hii. Ikuzeni picha mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini, kisha isomeni kwa mistari, kutoka kushoto hadi kulia na kushuka, kama mtu anayesoma ukurasa. Msirukeruke na macho. Tafuteni kwanza rangi isiyo ya porini: bluu, ambayo ni nadra sana ardhini, zambarau, machungwa, na nyeupe safi ya soli. Kisha tafuteni mstari ulionyooka na pembe, kwa kuwa mkoba, simu na ukingo wa koti vina pembe ambazo kichaka hakina. Tatu, tafuteni kivuli: mara nyingine mtu mwenye nguo za udongo haonekani, lakini kivuli chake kina miguu miwili.

Mtu aliyelala haonekani kama mtu wa kwenye ishara ya choo. Chukueni mfano wa picha ya ukingo wa msitu: nyasi za kahawia, kichaka cha duara, na kando ya kichaka doa jeusi lenye pikseli 30 kwa 20. Mpekuzi wa kwanza ataandika "kisiki". Wa pili, akiifungua picha inayofuata, iliyopigwa sekunde sita baadaye kutoka mita 30 mbele, ataona doa lile limebadilika umbo, na pembeni mwake pametokea ukanda wa machungwa wa pikseli nne uliokuwa umefunikwa na tawi. Kisiki hakina ukanda wa machungwa. Ndiyo maana picha zinapandana, na ndiyo maana doa lolote la mashaka hufuatwa kwenye picha zote zinazolionyesha kabla halijakataliwa.

Vitu vitakavyowadanganya vinajulikana: madumu ya maji, mifuko, leso iliyoanikwa, kuti kavu, jiwe la matumbawe, majivu ya tanuri ya makaa, mbuzi aliyelala. Viandikwe pia, pamoja na namba ya picha, ili mpekuzi wa pili asivipandishie moyo upya. Kila kitu kiwe katika moja ya hali tatu: hakika, yawezekana, hapana, na kila "yawezekana" iende kwa mtu mmoja mwenye uzoefu anayeamua kipi kirushiwe tena.

Programu za kompyuta husaidia. Ipo ADIAT, isiyo na malipo, inayotafuta rangi uliyoitaja au doa lisilofanana na mazingira yake. Julai 2025, kwenye mlima Monviso nchini Italia, waokoaji waliupata mwili wa mpanda mlima aliyekuwa amepotea tangu Septemba 2024, baada ya programu ya akili bandia kuzipitia picha za droni na kuonyesha nukta nyekundu iliyokuwa kofia yake ngumu. Lakini tazameni masharti ya mafanikio hayo: mwamba mtupu na kofia nyekundu. Kwa fulana ya kijani ndani ya msitu wa Ngangao huko Taita programu hiyo hiyo itawaletea majani elfu. Itumieni kupanga picha zipi zianze kutazamwa, na msiitumie kufuta picha ambazo hazijaonwa na jicho la mtu.

Picha hizi zitaonyesha pia nyua za watu, na wanaooga mtoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu. Wapekuzi waorodheshwe kwa majina, na hakuna kipande cha picha kinachotoka nje ya kundi hilo.

Kinapoonekana kitu

Viwianishi vilivyo ndani ya picha ni vya droni, wala si vya kitu. Kamera ikiwa imeelekea chini, katikati ya picha ndipo droni ilipokuwa, na kitu kilicho pembeni kinaweza kuwa mita 40 mbali na hapo. Toeni nambari kwa nyuzi za desimali, zenye tarakimu tano baada ya nukta, ambazo hufikia usahihi wa mita moja hivi, na zisomwe redioni mara mbili, msikilizaji akizirudia. Latitudo yetu iko kusini ya ikweta, hivyo ina alama ya kutoa mbele yake. Ukiisahau, mwokoaji wa Kwale anaelekezwa kaskazini ya Moyale, ndani ya Ethiopia.

Rusheni tena kwa kuthibitisha, mkishuka polepole kutoka pembeni, kwa kuwa upepo wa mapanga na kelele humtisha mtu aliyechanganyikiwa hata akakimbia. Akiwa hai, kazi ya droni hubadilika: inakuwa alama angani. Julai 2018, kwenye mlima Broad Peak nchini Pakistan, Rick Allen wa Scotland alikuwa amedhaniwa amekufa hadi droni iliyorushwa na Bartek Bargiel, Mpolandi ambaye hakuwa amekwenda huko kutafuta mtu, ilipomwona, na ndipo waokoaji walipoelekezwa alipokuwa. Kama mna droni mbili, ya pili ifike kabla ya ya kwanza kuondoka. Kama ipo spika, maneno yawe machache: "Tumekuona. Kaa hapo hapo. Ukisikia, inua mkono." Watu wa miguu waende na askari wa hifadhi, nao waambiwe kutoka juu kuhusu korongo, miiba na nyati walio njiani.

Akiwa amefariki, droni ipige picha chache za mahali kwa ajili ya polisi, kisha iondoke. Skrini igeuzwe mbali na jamaa. Habari ipelekwe na ofisa, akiwa pamoja na mzee wa familia, imamu au mchungaji wao, na kamwe isitangulie kwenye simu za watu. Familia nyingi za hapa zitataka maziko ya haraka na zitawauliza nyinyi mwili utatoka lini; jibu hilo ni la polisi, na ni heshima kulisema hivyo kwa upole.

Asipopatikana

Jioni kila kipande cha ramani kiandikiwe kimerushiwa mara ngapi, saa ngapi, kwa kimo gani, na kwa makadirio gani ya kuona. Neno "kimemalizwa" lisitumike. Kichaka ambacho droni humwona mtu mmoja kati ya wawili, baada ya mruko mmoja kimebaki na nusu ya uwezekano wake. Mruko wa pili, ukifanywa kwa mwelekeo na saa tofauti, hubakiza robo, lakini ukirudiwa ule ule kwa saa ile ile hubakiza karibu kile kile, kwa kuwa tawi lililomficha jana linamficha leo. Asilimia za vipande vyote zihesabiwe upya usiku huo, na mpango wa kesho utoke kwenye hesabu mpya.

Operesheni ikisimamishwa, uamuzi ni wa anayeiongoza, si wa rubani. Nakala ya picha zote, njia za mruko na orodha ya vitu vilivyokataliwa vikabidhiwe polisi chini ya nambari ile ile ya OB, na nakala za kwenye kompyuta za wapekuzi zifutwe. Ramani ya asilimia zilizobaki ihifadhiwe pamoja nazo: vichaka vingi vya nyika inayozunguka Kasigau hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kipande ambacho baada ya mvua hakikuonyesha ardhi kinaweza kurushiwa tena Februari, kwa mpango ule ule wa mistari.